Mkubwa Yupo

Viwanja Sitini,
Ifakara.

Mwanangu Generosa,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana saa nane hii umetoka hapa mzima kabisa, umekula wali wangu ukasema chumvi imezidi, kisha ukaenda kusukwa kwa Mama Zuhura. Ya kwangu utaijua ukifika mwisho. Mtindo ulioutaka ni wa nywele ndogondogo, na Mama Zuhura hawezi kusuka bila kuzungumza, kwa hiyo nina nafasi hadi jioni.

Ningeweza kukungoja nikakwambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu Jumapili. Kila nikifungua mdomo zinatoka habari za sanduku: kamba ikazwe, mchele usikae karibu na sabuni, ufunguo wa pili ushonewe kwenye pindo la sketi. Leo asubuhi umenitazama ukasema, "Baba, sanduku tumeshalimaliza." Ni kweli, tumelimaliza. Habari za treni, za wezi wa mjini na za kula kwa wakati nimeziacha zote. Kupika ulianza kabla hujafikia rafu ya vyombo, na habari hiyo nitairudia, maana humo ndimo lilimo ninalotaka kukueleza.

Ulipoandika barua ya kuomba chuo ulinipa niitazame kama ina kosa. Uliandika kwamba unataka kusomea ustawi wa jamii kwa sababu umekua ukimwona baba yako akisaidia watoto. Nilisahihisha mkato mmoja nikakurudishia. Sentensi yenyewe sikuigusa, na tangu siku ile haijaniacha. Huko watakufundisha kwamba mtu wa ustawi hafanyi kazi kwa kubahatisha. Anatafuta kwanza utafiti umeonyesha nini, ndipo anawaendea watu. Mimi naliamini jambo hilo hata leo. Lakini huenda siku moja mwalimu akaweka mezani taarifa ya bonde letu, ile ya watoto wanaobaki majumbani wakati wa kilimo, na kwenye ukurasa wa shukrani ukakuta jina langu. Najua utafurahi na utawaonyesha wenzako. Nataka kabla ya siku hiyo ujue kwamba ndani ya taarifa ile kuna jambo lisilo la kweli, na aliyeliingiza ni mimi.

Ulikuwa na miaka kumi. Ni wakati ule kila kijiwe kilikuwa kikibishana kama vyama vingi vije au visije, na mama yenu alikuwa hata hajamaliza miaka miwili kaburini. Otilia alikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa msaidizi katika ofisi ya ustawi wa jamii, mwenye meza moja, baiskeli moja na kabati lisilofungika. Ndipo wakaja watafiti. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa Moshi aliyewahi kufundisha, tukazoea kumwita Mwalimu. Walitaka kujua habari za watoto wanaoachwa kijijini wazazi wakihamia mashambani.

Wewe umezaliwa hapa, jambo hilo halikushangazi. Mvua zikikaribia, watu wa Namawala na vijiji vya jirani hufunga virago wakaenda kwenye mpunga bondeni, wakajenga vibanda, wakakaa huko miezi, wakilima, wakipalilia na kulinda ndege. Watoto wa shule hubaki ili wasikose masomo. Anayeshangaa ni mgeni. Mwalimu alishangaa, na alikuwa na mpango mkononi: kila kitongoji kitakachoonekana kina watoto wasio na mtu wa kuwaangalia, watachaguliwa akina mama wa kuwapitia kila siku, na shuleni kutakuwa na uji. Vijiji vitakavyoingia kwenye mpango vitajulikana kwa majibu ya dodoso, yaani ile karatasi ya maswali tuliyopita nayo nyumba hadi nyumba. Kwa hiyo unaona, kila kisanduku kilichowekwa alama ya vema kilikuwa na maana.

Rasimu ya kwanza ya swali ilisema: "Yupo mtu mzima anayebaki na mtoto?" Niliposikia likisomwa kikaoni nilinyoosha mkono. Unanijua ninavyojisikia mbele ya Kiswahili. Nikasema, jamani, kwetu huku mtu mzima ni mzee. Mkimuuliza mama wa Kindamba kama nyumbani kuna mtu mzima, atawaambia bibi alishafariki, Mungu amrehemu, na swali litaishia hapo kwenye msiba. Watu wakacheka. Nikaendelea, nimeshapata wasikilizaji: andikeni mkubwa. Yupo mkubwa anayebaki na mtoto? Hilo hata mtoto atalielewa. Mwalimu akafuta, akaandika mkubwa, akasema mbele ya wote kwamba hii ndiyo faida ya kufanya kazi na wenyeji. Nilirudi nyumbani nikiimba kwenye baiskeli. Niliwaletea maandazi siku ile, labda unakumbuka.

Kabla ya kwenda vijijini kila mmoja wetu alipewa karatasi moja akaijaribie nyumbani kwake. Niliijaza hapa hapa kwenye meza hii, nikaandika juu, Nyumba Namba Moja. Mwalimu aliitazama akasema mwandiko wangu unasomeka.

Nilizunguka wiki saba. Nilikuwa naondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi au Ijumaa, na wewe na mdogo wako mlibaki hapa. Mama Zuhura alikuwa hajahamia. Nilikuwa nimekufundisha kupima unga kwa kikombe cha bluu.

Kote nilikopita jibu lilikuwa moja. Yupo mkubwa? Yupo. Nilipofika Namawala, kwa Mama Desideria, alikuwa anakunja mikeka tayari kwa kuhama, mtoto mchanga mgongoni. Nilimuuliza, akajibu bila kuinua kichwa: "Yupo, baba. Nimemwachia kila kitu, unga, kiberiti, ufunguo." Nikaweka vema, nikashukuru, nikaenda nyumba ya pili. Alikuwepo na msichana mdogo pale uani akichambua mchele. Aliniamkia vizuri. Sikumuuliza jina.

Mtu mmoja tu alinikwamisha. Ni mama wa Kisukuma, wa wale waliohamia na ng'ombe kutoka upande wa ziwa, wamejenga mbali kidogo na kijiji. Nilimuuliza kama yupo mkubwa anayebaki na watoto. Akanitazama akasema, "Mkubwa wa nani?" Nikarudia swali kwa sauti zaidi, nikidhani hajasikia. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayetaka kweli kusaidia: "Mkubwa wa nani?" Nilichoka, jua lilikuwa kali. Pembeni mwa karatasi nikaandika kwamba mhojiwa haelewi Kiswahili vizuri. Nikaiacha nyumba yake wazi, bila jibu. Wenzangu niliwasimulia jioni tukacheka sana.

Mwanangu, katika nyumba zote nilizoingia, yule ndiye pekee aliyelielewa swali.

Taarifa ikatoka. Ilisema kwamba katika vijiji vya mpunga karibu kila mtoto anayebaki ana mkubwa wa kumwangalia. Huko kwenye mashamba ya miwa, walikopita wenzangu na karatasi hiyo hiyo, ambako watu wametoka mikoa mbalimbali na hawasemi kama sisi, wengi walijibu hayupo, watoto wanajikalia wenyewe. Basi mpango wa uji na wa akina mama ukaenda kwenye miwa. Hakuna aliyekosea hesabu. Mwalimu aliifuata taarifa kama inavyotakiwa, na mimi nilitumwa Namawala kuwasomea watu majibu yao. Nilisimama kwenye mkutano nikawapongeza kwa malezi mema. Nakumbuka akina mama wawili walitazamana. Lakini nani atakataa sifa aliyoletewa na serikali mbele ya majirani? Wakapiga makofi, nikanywa soda, nikarudi.

Msimu uliofuata mtendaji wa kijiji alituma ujumbe ofisini kwamba mtoto amefariki Namawala, mtu wa ustawi aje aandike. Nilifika siku mbili baada ya mazishi. Ilikuwa nyumba ya Mama Desideria. Mwaka ule maji yalijaa mapema kule bondeni, kibanda chao kilikuwa kinaingia tope, na yeye alikuwa ananyonyesha. Akaona heri Kasto, wa miaka minne, abaki kijijini mahali pakavu. Mtu asikudanganye kwamba hakumpenda. Alimwacha kwa sababu alimpenda. Kasto akapata homa, na asubuhi moja ya mvua akashikwa na degedege. Aliyekuwa naye alimvika blanketi, akambeba, akaenda kupiga hodi kwa jirani. Kulikuwa na kufuli. Akaenda nyumba ya pili, kufuli. Ya tatu, kufuli. Kitongoji kizima kilikuwa shamba. Alipompata mtu, mtoto alikuwa ameshakata roho mgongoni na yeye hakujua.

Nilikaa kwenye mkeka nikatoa karatasi zangu. Yule msichana niliyemwona mwaka uliotangulia akichambua mchele alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa na miaka minane. Nilimwita, nikamuuliza kwa upole ninaoujua, upole wa ofisini, "Siku ile mkubwa alikuwa wapi?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jua liko wapi.

"Mkubwa ni mimi," akasema. "Nilikuwepo."

Sikuandika kitu. Nilijua pale pale. Sikuhitaji mtu kunieleza, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwalimu angeweza kusema hakujua, kwao watu husema vingine. Mimi nimekua katika bonde hili nikiitwa mkubwa. Mama yangu akienda shamba alikuwa anasema, mkubwa yupo, na mkubwa huyo alikuwa mimi, mwenye miaka saba, niliyeogopa kenge. Nilikuwa nalijua neno lile tangu utotoni, lakini nilipotaka kusifiwa kikaoni nililitumia kama mtu aliyelisoma kwenye kitabu.

Sasa nakuja kwenye siku ile ile, na hapa ndipo nilipokuwa siwezi kwa mdomo.

Nilirudi Ifakara na baiskeli kwenye tope, nikafika hapa alasiri. Otilia alikuwa analia. Uji ulikuwa umemmwagikia mguuni, nawe ulikuwa umempaka dawa ya meno kama ulivyoona watu wanafanya, na umemfunga kitambaa. Ulikuwa unapika tena uji mwingine, umempakata, unakoroga kwa mkono mmoja. Uliponiona ulisema, "Shikamoo baba." Sikuitikia. Niliona ule mguu, nikaona nyumba zenye makufuli, nikakupiga kofi. Nikakuuliza, "Wewe si ndiye mkubwa? Ulikuwa wapi?"

Nawe ukanijibu, "Nilikuwepo, baba."

Neno lile lile, siku moja, kutoka kwa watoto wawili. Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya choo mpaka nilipoweza kurudi. Ulipokuja kunipa chakula hukulia. Afadhali ungelia.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Otilia Mang'ula kwa shangazi yako. Wewe ndiye uliyekunja nguo zake. Nilikwambia shangazi anahitaji mtu wa kumchangamsha, ukanyamaza. Miaka minne ulinyamaza. Halafu ulipokuwa kidato cha pili, siku moja tunaanika mpunga hapo uani, ukaniuliza, "Baba, Otilia mlimhamisha kwa sababu nilimuunguza?" Unakumbuka nilichokujibu? Nilisema hayo mambo ya zamani, kaniletee chai. Ulileta chai. Nikainywa yote, huku najua kwamba mtoto wangu ameishi miaka minne akiamini alipokonywa mdogo wake kwa kosa lake, na kwamba neno moja langu lingeweza kumwondolea.

Jibu la swali lako ni hapana. Nilimhamisha kwa sababu niliogopa nyumba yangu mwenyewe. Mtu mzima wa kuwaangalia hakuwepo hapa, na aliyetakiwa awe mtu huyo alikuwa anazunguka vijijini na baiskeli ya ofisi, anawauliza watu wengine watoto wao wanakaa na nani. Niliondoa mmoja ili nipunguze hofu yangu. Sikufikiri utakavyobaki wewe. Usiku ulikuwa unalala na gauni lake dogo chini ya mto, nililiona, na nikajifanya sikuliona.

Usidhani kwamba baada ya Namawala nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu nikaungama. Hapana. Nilikaa kimya msimu mzima. Niliandika barua mara tatu nikachana mara tatu. Nilijiambia kwamba taarifa imeshapigwa chapa, kwamba degedege lingemchukua mtoto hata mtu mzima angekuwepo, kwamba mimi ni msaidizi tu. Sababu hazikuniishia. Nilichokuwa naogopa hasa ni kwamba Mwalimu atakumbuka nani aliyenyoosha mkono siku ile.

Alipokuja tena kuangalia mpango wa kwenye miwa nilimfuata nje ya ofisi, nikamwambia yote nimesimama, kofia mkononi. Nilitegemea atanifokea. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukuniambia mwaka jana?" Nikasema niliogopa. Akasema, "Basi watoto walingoja uogope uishe." Hakuyasema kwa ukali. Kisha akanituma nikalete madodoso ya Namawala, tukakaa kwenye benchi tukipitia moja moja, na ile karatasi ya mama wa Kisukuma, yenye maneno yangu pembeni, aliisoma mara mbili. Akauliza, "Huyu anakaa wapi? Twende kwake kwanza."

Tulirudi na swali jipya. Halikuwa na neno lolote la kujivunia: anayebaki anaitwa nani, ana miaka mingapi. Majibu yalikuja ya miaka tisa, minane, kumi na moja, na katika nyumba moja, saba.

Kisha ikabidi nisimame tena mbele ya watu wale wale niliowapongeza. Niliwaambia kwamba kosa lilikuwa langu, neno lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Mama Desideria alisimama katikati ya maelezo hayo. Hakupaza sauti.

"Mimi nilikwambia kweli," alisema. "Wewe ndiye uliyeandika."

Nilidhani ataketi, lakini aliendelea kusimama, akawageukia akina mama wenzake. Akasema kwamba yeye shida aliyoiona ni kiberiti. Zamani, walipokuwa watoto, kiberiti hakikuwepo kila nyumba, na jioni mtoto alitumwa kwa jirani kuomba moto. Akienda na kigae chake cha kubebea makaa anaonekana yuko mzima, anaulizwa wenzake hawajambo, amekula nini. Siku hizi mzazi anaacha kiberiti na mtoto haonwi na mtu mpaka shule ifungwe. Basi tusiache viberiti, akasema. Kila kitongoji tuchague wanaobaki, mwenye mimba, mwenye mguu mbovu, bibi, wao wakae na moto. Mtoto asipokuja kuomba moto kabla ya magharibi, wamfuate.

Mwalimu alikuwa anaandika haraka sana, kichwa kimeinama. Mpango wa uji ulikuja baadaye, na ulisaidia, lakini hilo la moto ndilo lililoshika. Huyo mama wa Kisukuma alikuwa mmoja wa waliochaguliwa kukaa na moto, na watoto walimpenda kwa sababu alikuwa anawapa na maziwa. Sikuambii kwamba kila kitu kimenyooka. Vitongoji vingine vilichoka baada ya misimu miwili, vingine viberiti vimerudi. Na ile taarifa ya kwanza bado inazunguka makabatini, kwa sababu karatasi ya masahihisho ilichapwa peke yake na karatasi moja hupotea. Ndiyo maana nasema unaweza kukutana nayo bila masahihisho.

Desideria, yule msichana wa Namawala, nilimwona mwezi uliopita sokoni. Amekuwa msichana mrefu. Aliniamkia, nikaitikia, tukaulizana habari za mvua. Alinisaidia kufunga mzigo wangu kwenye baiskeli, kisha akaenda zake.

Basi ukikutana huko na takwimu za watoto, ziheshimu, waliozikusanya walichoka. Lakini uliza walisema neno gani, mbele ya nani, na aliyejibu alimfikiria nani. Uliza mkubwa wa nani, hata wakicheka, hata mtu akiandika pembeni kwamba hujui lugha. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi sikuweza, na wewe una kifua kipana kuliko changu. Nilikiona siku ile ukikoroga uji kwa mkono mmoja.

Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi ya zamani. Ni ile ya kujaribia, Nyumba Namba Moja. Nimeitunza chini ya nguo za mama yenu miaka yote hii. Utaona mwandiko wangu unasomeka, kama alivyosema Mwalimu. Watoto wawili. Mama amefariki. Baba husafiri kikazi. Yupo mkubwa anayebaki na mtoto? Na vema kubwa, yenye mkia wa mbwembwe, kwenye Yupo. Niliweka vema ile nikikufikiria wewe, na kalamu haikusita hata kidogo. Sikuwa nimesahau una miaka kumi. Niliona inatosha.

Leo mchana ulipotoka nimeichukua kalamu hii ninayokuandikia, nimeifuta ile vema, nimeweka nyingine kwenye Hayupo. Chini yake nimeandika: Aliyebaki anaitwa Generosa, miaka kumi. Nimetia sahihi. Najua haitabadilisha taarifa yoyote. Nimetaka tu iwepo karatasi moja duniani inayosema ilivyokuwa.

Nisamehe lile kofi. Nisamehe na shikamoo ambayo sikuiitikia. Marahaba, mwanangu. Imechelewa miaka saba, lakini marahaba.

Kesho treni ikisimama Mang'ula, Otilia atakuwa kituoni na shangazi yako, nimewatumia salamu. Amekuwa mkubwa siku hizi, ana miaka kumi na miwili, naye hujivuna kwa kovu lake la mguuni, anasema ni ramani. Muulize mwenyewe kama aliwahi kukulaumu. Muda ni mfupi pale, usiumalize kwa kulia.

Nasikia sauti yako kwa Mama Zuhura, mnacheka, nadhani kichwa kimekamilika. Nitaikunja barua hii sasa niifiche kwenye chakula chako cha njiani, uikute ndani ya treni kabla ya Mang'ula. Ukija nitakuuliza habari za nywele, nawe utaniuliza kama nimekula, na tutazungumza tena habari za sanduku.

Wenzako wa bwenini watakuuliza nyumbani umemwacha nani. Usiseme baba yupo, basi. Sema ukweli, kwamba umemwacha mtu mmoja, ana miaka hamsini na mitatu, yuko peke yake, na ameanza kuogopa jioni kabla haijafika. Ukishasema hivyo usinihangaikie, maana mpango nimeshaupanga. Kesho jua likianza kuchwa nitakwenda kwa Mama Zuhura kuomba moto. Kiberiti ninacho.

Baba yako.